Zilizopendwa na Nani?

Kenya tunasema zilizopendwa. Ukivuka Namanga uingie Tanzania utasikia zilipendwa. Tofauti ni silabi moja tu, "zo", lakini nimeitafakari silabi hiyo kwa muda mrefu kuliko inavyomfaa mtu anayelipwa kwa idadi ya maneno. Mtanzania ametoa sentensi nzima: zilipendwa, basi, habari imekwisha. Mkenya ameuacha mlango wazi. Nyimbo zilizopendwa... zikafanyaje? Ziko wapi sasa? Na zilipendwa na nani? Kitenzi kiko katika kauli ya kutendwa na mtendaji hayupo. Aliyependa ameachwa nje ya jina, kikabaki kilichopendwa peke yake, kama koti kwenye msumari.

Sidhani aliyelianzisha jina hilo alikuwa na nia ya falsafa. Pengine alitaka tu kutenganisha muziki wa wazazi na muziki wa vijana. Lakini jina limewakaa vizuri hata wenye sauti zao. Mbaraka Mwinshehe alifariki Januari 1979 baada ya ajali ya barabarani Mombasa. Marijani Rajabu alikwenda 1995. Fadhili William na Daudi Kabaka walifuatana katika mwaka mmoja, 2001. Bado wanaendelea kubembeleza wasichana redioni wikendi kwa wikendi, wakiahidi, wakilalamika, wakiomba wasiachwe. Hakuna hata mmoja wao anayejua alijibiwaje mwishoni.

Watu husema wimbo hutunza kumbukumbu. Wameisema mpaka imekuwa kama salamu, mtu anaitikia bila kusikiliza. Mimi nataka kubisha kidogo. Kitu kinachotunzwa na wimbo kipo, sikatai, na kina nguvu kuliko picha na kuliko nguo za marehemu zilizokunjwa kabatini. Ila ninavyoona mimi, kitu hicho si kumbukumbu. Wimbo hutunza uzito. Habari yenyewe, yaani nani alifanya nini, lini, mlango ulikuwa upande gani, nani alikuwepo na nani hakuwepo, hiyo wimbo huiacha idondoke njiani bila hata kugeuka nyuma.

Nilipokuwa bado chuo kikuu, kabla karo haijanishinda katika mwaka wa pili, tulipewa kurasa chache za Maungamo ya Augustino. Huyu alikuwa Mwafrika, mzaliwa wa Thagaste, nchi inayoitwa Algeria leo, mwaka 354. Katika kitabu cha kumi cha Maungamo anajiuliza swali ambalo mtu yeyote aliyewahi kufiwa angeweza kujiuliza akiwa anasubiri matatu: inakuwaje naikumbuka huzuni yangu ya zamani na sasa hivi sina huzuni? Inakuwaje nakumbuka furaha nikiwa nimenuna? Jibu lake ni kwamba kumbukumbu ni kama tumbo la akili. Furaha na huzuni ni kama chakula kitamu na kichungu. Vikishashuka tumboni vinahifadhiwa, lakini ladha haipo tena. Mwenyewe anakiri kwamba mfano huo unachekesha, halafu anasema haujakosea kabisa.

Mimi nilikulia Keringet, na mtu wa Keringet akisikia habari za tumbo anafikiria ng'ombe. Ng'ombe hucheua. Kile alichokwisha kumeza asubuhi anakirudisha kinywani saa nane mchana, amelala kivulini, macho nusu wazi, anakionja upya. Nadhani Augustino angemwangalia ng'ombe kwa dakika kumi angeongeza ukurasa. Maana ndivyo wimbo unavyotufanya: tunacheua. Ladha aliyosema imekwisha inarudi mdomoni, nzima, chungu au tamu kama siku ile. Ila ng'ombe anapocheua, ukimtazama, hana habari nyasi hizo zilitoka shamba gani. Pengine zilitoka kwa jirani, usiku, ua ulipovunjika.

Chukua Malaika. Sina haja ya kukuimbia, unaujua. Mwanamume anampenda msichana na hana mali ya kumwolea. Hicho ndicho kisa chote. Na wimbo huo huo ndio unaopigwa kwenye harusi zetu, bwana na bibi wakilishana keki, shangazi wakipiga vigelegele. Nimehudhuria harusi Molo, Elburgon na Olenguruone, na sijawahi kuona mtu akishtuka kwamba ukumbi mzima unafurahia kilio cha mtu aliyeshindwa kuoa. Yaani ni sawa na kusoma tangazo la kifo kwenye sherehe ya mtoto kuzaliwa kwa sababu limeandikwa kwa mwandiko mzuri. Lakini hakuna anayekosea pale. Habari ya wimbo ilishadondoka miaka mingi. Umebaki uzito, na uzito wa kumkosa mtu ukiupima kwenye mizani hautofautiani sana na uzito wa kumpata.

Wimbo huo ulivuma kwa sauti ya Fadhili William, kijana wa Taita, aliyeurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miriam Makeba akauchukua akazunguka nao dunia. 1965 yeye na Harry Belafonte waliuweka katika albamu iliyopata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Boney M. wakauimba 1981, Angélique Kidjo akauimba 1991. Sasa uliza nani aliutunga, uone watu wazima wakigombana. Adam Salim, mzaliwa wa Tanzania, alidai ni yeye, kwamba aliutunga akiwa Nairobi miaka ya 1940 kwa ajili ya msichana aliyempenda na ambaye wazazi wake walimwoza kwa mwanamume tajiri. Grant Charo naye aliudai. Fadhili alishikilia kwamba ni wake, na yeye pia alikuwa na msichana wake na mahari yake iliyokosekana.

Kwa kawaida jambo hili hujadiliwa kama suala la hakimiliki, na ni sawa, pesa ni pesa, wanamuziki wa Afrika Mashariki wamenyonywa vya kutosha. Lakini mimi wananisumbua wale wasichana. Fikiria mwanamke ameketi jikoni kwake, Nairobi au Voi au Moshi, ana wajukuu, redio iko juu ya kabati, na wimbo unaanza. Yeye ndiye chanzo. Au si yeye, ni yule mwingine asiyemfahamu, aliyependwa na mwanamume mwingine mwenye mfuko mtupu kama wake. Wimbo hauwezi kumwambia. Umemwita kwa jina zuri mpaka jina lake limepotea. Tena wimbo unachukulia tu kwamba yeye ni kitu kilichopotea. Hakuna ubeti wa kumuuliza kama alimtaka yule maskini, au kama yule tajiri alikuwa mume mwema, au kama aliolewa akilia kisha akazoea, au akifurahi kisha akajuta. Tunalia naye miaka zaidi ya sitini bila kujua kama yeye alilia.

Wanaume wawili wanaapa kuhusu wasichana wawili, na wimbo ni mmoja. Kwa masikio siwezi kusema nani anasema kweli. Ukimsikiliza Fadhili unaamini. Nina hakika ningemsikiliza Salim ningeamini vile vile. Machozi si shahidi. Mahakamani mtu akilia haimaanishi shamba ni lake.

Naandika haya nikijua yananihusu. Baba alifariki 2003, nikiwa na miaka minne. Ugonjwa, hospitali, michango, hadithi ya nyumba nyingi, sitairudia hapa. Nilichobaki nacho ni kitu kimoja. Mwanamume amesimama mlangoni, nyuma yake ni ule ukungu wetu wa Mau unaokaa mpaka saa nne asubuhi, buti zake zina matope ya shamba la viazi, anaimba Malaika. Sauti ya chini. Anayakosea maneno anapofika katikati, anaguna tu mpaka yanapomrudia.

Kaka yangu, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja wakati huo, anasema baba hakuimba kamwe. Hata kanisani, anasema, alikuwa anasogeza midomo. Iliyoimba ni redio, ilikaa dirishani karibu na mlango, na sauti ilikuwa inakatika kwa sababu betri zilikuwa zimechoka. Zile betri tulizoita mawe, ambazo tulizianika juani zipate nguvu kidogo za kufikia taarifa ya habari. Na upande ule wa mlango, mwaka ule, hakukuwa na viazi. Kulikuwa na pareto.

Ushahidi wake ni bora kuliko wangu, hilo halina ubishi. Miaka kumi na mmoja dhidi ya minne. Hata ule mguno wa katikati ameupatia maelezo. Nikaenda kwa mama, maana yeye ndiye mahakama ya rufaa. Alikuwa anamenya viazi. Nikamuuliza, mama, baba alikuwa anaimba? Akanyamaza kidogo, akasema:

"Baba yako alikuwa na deni la ng'ombe mmoja."

Akacheka peke yake, akaendelea kumenya.

Nimelifasiri jibu hilo kila namna. Siku ya koito, wazee walipokaa wakakubaliana ng'ombe, baba alitoa aliokuwa nao na mmoja akabaki deni. Hilo nalijua. Labda mama alimaanisha kwamba wajomba walipokuja kuulizia ng'ombe wao, baba aliwajibu kwa wimbo wa mtu asiye na mali, wakacheka, wakapewa chai, deni likasogea mbele. Labda alimaanisha kwamba wimbo ule ulipopigwa redioni ulikuwa unamsema baba, na mama akimtazama kwa jicho la pembeni. Labda alikuwa ananiambia nisimwingilie. Mama ana habari zote, na hazitoi. Mimi sina habari hata moja, nina uzito tu, na wimbo ukianza kwenye matatu ya Molo ninageukia dirishani kama vile kuna kitu cha kuona.

Swali langu ni hili, na ni swali la haki, si la saikolojia. Je, nina ruhusa ya kusema "baba alikuwa akiimba Malaika"? Uzito ninaousikia ni wa kweli. Hakuna anayeweza kuniambia sikusikia kitu pale mlangoni. Lakini nikisema aliimba kwa sababu tu ninasikia sana, nitakuwa nimempa baba sauti ambayo pengine hakuwa nayo. Na marehemu hawezi kukataa zawadi. Ukimvisha kofia ataivaa. Ukimpa ucheshi atakuwa mcheshi, ukimpa wimbo ataimba mpaka mwisho wa ukoo. Kuna watu wanaona hayo ni mapenzi. Mimi naona ni njia laini ya kumpoteza mara ya pili, maana yule mtu mkimya aliyesogeza midomo kanisani, kama ndiye aliyekuwepo, anaondoka kabisa na nafasi yake anachukua mwingine anayependeza zaidi. Mursik si maziwa uliyoyatia kwenye kibuyu. Majivu ya mkaa wa kibuyuni yameingia ndani yake, na ladha hiyo ndiyo unayoipenda. Hakuna ubaya. Ila usimwambie mgeni kwamba ng'ombe wetu hukamuliwa hivyo.

Ile redio nayo, kama ndiyo iliyoimba, ilipita mikononi mwa mtu mmoja pale sokoni Keringet. Fundi wa redio. Alikuwa na kibanda cha mbao chenye meza iliyojaa matumbo ya redio, nyaya, spika zilizotobolewa na panya, na ile harufu ya lehemu inayoyeyuka. Ukimletea kaseti tupu na orodha, alikurekodia nyimbo kwa malipo kidogo. Siku ya soko aliweka spika moja nje, zilizopendwa zikapigwa tangu asubuhi mpaka lori za viazi zilipoondoka. Sisi ni Wakipsigis, yeye alikuwa Mkikuyu. Kiswahili alizungumza na kila mtu, na ukianza kumlalia bei alihamia Kikipsigis, akakushangaza, ukalipa. Nyimbo zile zilikuwa za Kiswahili, hazikuwa na upande. Pengine ndiyo sababu alizichagua. Mtu mwenye kibanda cha mbao katika eneo lililoonja mapigano tangu 1992 hujifunza kuchagua.

Januari 2008 aliondoka. Wewe msomaji unajua Januari 2008 ilikuwa nini, na Kuresoi ilikuwa mahali gani mwezi huo. Nchini kote zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakayaacha makwao. Nilikuwa na miaka minane. Nilichokiona ni kibanda kimefunguliwa mlango ukaninginia, na utepe wa kaseti umetandazwa kwenye ua wa michongoma kutoka pale mpaka karibu na barabara, mweusi, unang'aa jua likipenya ukungu. Watoto waliufunga kwenye vijiti wakakimbia nao. Nyimbo zote zile, hakuna hata moja iliyosikika.

Sasa keti hotelini Keringet jioni ya Jumamosi, uagize chai na chapati, na wimbo wa zamani upigwe. Lazima mzee mmoja aseme: zamani kulikuwa na muziki hapa, siku ya soko ungesikia mpaka kule juu. Na wengine wataitikia, eeh, zamani. Nyuso zinalainika. Ni wakati mtamu, nami nimeketi hapo nikautamani uendelee. Lakini hakuna anayesema muziki huo ulitoka wapi. Hakuna anayemtaja fundi. Wimbo umerudisha ladha ya siku ya soko, na habari imebaki kwenye michongoma.

Na wanapolazimika kulisema, sikiliza wanavyolisema. Wakati wa vita, watu walihamishwa. Maduka yalifungwa. Vitu vilichomwa. Kauli ya kutendwa, yote. Mtendaji hayupo. Tuna ustadi mkubwa wa sarufi hiyo upande wetu wa Bonde la Ufa, na si sisi peke yetu, kila kabila lina toleo lake na maduka yake yaliyofungwa. Ndipo nilipoanza kulichukia kidogo jina zilizopendwa, si kwa sababu ya muziki, bali kwa sababu ya undugu wake na maneno hayo mengine. Nyimbo zilipendwa na nani? Na yule aliyezipenda na kutupigia bure siku ya soko, alihamishwa na nani? Majirani wanawajua waliofanya. Baadhi yao wanaitikia eeh, zamani.

Kwa hiyo kuna kumbukumbu tamu ambayo ni wizi. Simaanishi kila kumbukumbu, sitaki kuwaharibia watu chai yao. Namaanisha ile inayochukua utamu wa mtu na kumwacha mtu mwenyewe. Ukimlilia mtu uliyempoteza kwa ugonjwa, wimbo unakusaidia kubeba. Ukiililia siku ya soko na fundi wake ulimwona akipanda lori na godoro moja, wimbo unakusaidia kusahau huku ukidhani unakumbuka. Machozi ni yale yale. Hapo ndipo uzito bila habari unapokuwa jambo la hatari, kwa sababu unakupa cheti cha mwombolezaji mahali ambapo pengine ulitakiwa kuitwa shahidi.

Kinyume chake pia kipo. Februari 2015 Diana Chelele, mwimbaji wa Kikalenjin ambaye upande wetu hakuna aliyekuwa hamjui, aliuawa kule Bomet. Bomet si mbali na sisi, mashamba ya chai yanakaribia kushikana. Majuma yaliyofuata redio zilipiga nyimbo zake mchana na usiku, na nakumbuka matatu moja ambamo wimbo wake ulianza, wimbo wa kuchezeka kabisa, wa shangwe, na abiria wote wakanyamaza. Dereva hakuuzima. Hakuupandisha sauti. Hapo habari ilikuwa imeufuata wimbo ikaupata, ikaketi juu yake. Mama mmoja nyuma yangu alisema kwa Kikipsigis kwamba huyu mtoto sasa tutamsikiaje. Sikuwahi kusikia swali zuri zaidi kuhusu muziki. Wimbo wa mwanamke aliyeuawa ukiusikiliza kama zamani, umemsahau. Ukiusikiliza kama tangazo la kifo chake tu, umemnyang'anya furaha aliyoiweka mle kwa mikono yake mwenyewe. Inabidi ubebe vyote viwili, shangwe yake na habari yake, na havibebeki pamoja kirahisi. Miaka imepita na vijana wanaucheza tena bila kunyamaza. Siwalaumu. Ila nikisikia, huwa nawatazama wanawake waliomo ndani ya gari.

Kuna wanaosema dawa ni kuuficha wimbo. Namjua mjane mmoja, si mama, ambaye kwake wimbo fulani haupigwi, na majirani wanajua, wakiusikia unaanza wanabadilisha stesheni haraka kama mtu anayefunika sufuria. Anaogopa kwamba ukipigwa mara nyingi utachakaa, utakuwa wa watu wote, na mume wake atatoka humo kidogo kidogo. Namwelewa. Na ana haki kwa kiasi fulani, maana kila tunapoucheua tunaongeza mate yetu. Siku utakapousikia kwenye tangazo la sabuni utaubeba na ile sabuni pia. Lakini hakuna mtu anayemiliki wimbo kiasi hicho. Hata watu wenye karatasi za mkataba hawakuweza kuumiliki Malaika. Na mume wake pia alikuwa wa watu wengine, alikuwa na dada, alikuwa na wenzake wa kazi, labda nao wana siku yao ndani ya wimbo huo huo na hawana mahali pa kuusikilizia.

Haya yote yangebaki mawazo ya mtu anayekaa ndani kwa baridi kama si kwamba kaka anaoa Desemba. Familia imenipa kazi ya orodha ya nyimbo, kwa sababu nafanya kazi "ya kompyuta". Na nani unadhani amesisitiza Malaika iwepo wakati wa keki? Kaka. Yeye yule aliyesema baba hakuimba kamwe. Anataka mtangazaji aseme kwamba huu ni kwa kumbukumbu ya baba yetu, aliyeupenda. Nikamkumbusha maneno yake. Akasema, si lazima mtu aimbe ndipo apende, redio aliiwasha nani? Hapo alinipata. Sikuwa nimeiwaza hiyo. Mtu mkimya, anayesogeza midomo, anaamka kwenye ukungu anaiwasha redio yenye betri zinazokufa, anaacha kuzitunza kwa taarifa ya habari. Kama ni hivyo, huyo ni baba ambaye sikuwahi kuwa naye, na nampenda zaidi ya yule mwimbaji.

Tukampelekea mama orodha. Aliisoma yote bila miwani, akiishika mbali. Alipofika namba sita akasema:

"Huu upigeni. Lakini msiseme ni wa baba yenu."

Kaka akauliza kwa nini. Mama akasema kuna watu watakuwepo pale. Hakutaja ni watu gani. Wajomba, na yule ng'ombe? Mtu mwingine ambaye huo ulikuwa wimbo wake kabla haujawa wa mama? Sikuuliza, na kaka, ambaye huuliza kila kitu, hakuuliza. Nimelipima jambo hilo wiki nzima na naona mama amechora mpaka pale pale unapopaswa kuwa. Wimbo hakuuzuia, maana si wake. Alichozuia ni tangazo, maana tangazo ni habari, na habari hiyo anayo yeye tu.

Kaka ameandika jina la fundi kwenye orodha ya wageni. Tunasikia alihamia upande wa Njoro. Kadi iko kwenye droo, haijapata wa kuipeleka, na wajomba wawili wameshauliza kama ni lazima.

DJ ni kijana wa Olenguruone, ana haraka, amenitumia ujumbe mara tatu akitaka orodha pamoja na maneno ya kusema kabla ya kila wimbo. Jana usiku nikamtumia. Namba tano ni ya wazazi wa bibi harusi, maneno mistari miwili. Namba saba ni ya kwaya. Namba sita nimeandika: Malaika, Fadhili William, ile rekodi ya zamani, si ya Boney M. Usiseme kitu.